Namba Tisa wa Mama Yustina

Mwezi wa sita mwaka huu nilipita nyuma ya nyumba ya jirani yangu hapa Biharamulo nikakuta wameanika kahawa. Ilikuwa siku ya tatu hivi tangu ichumwe, ile siku ambayo maganda mekundu yanaanza kuwa meusi na kutoa harufu iliyo nusu tamu nusu chachu, kama ndizi zilizosahauliwa kwenye kapu. Mfukoni simu yangu ilikuwa inatetemeka bila kupumzika, maana kundi letu la mashabiki lilikuwa limepamba moto: nani anakuja, nani anaondoka, nani ameonekana uwanja wa ndege amejifunika kofia. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Harufu ile na habari zile zilikuwa hazijanikuta pamoja kwa miaka mingi, na zilipokutana zilinirudisha Mbuba, kijiji nilikokulia karibu na mpaka wa Burundi, kwenye kiangazi nilichomharibia mtu maisha yake, au nilichokaribia kumharibia, kwa sababu ya kuipenda timu.

Kama una umri wangu na ulikulia huku kwetu, unajua kwamba kahawa na usajili ni msimu mmoja. Ligi inakwisha, mvua inakatika, kahawa inaiva, na watu wazima wanaanza kuzungumza habari za wachezaji ambao hawajawahi kuwaona. Jina la timu yetu sitalitaja. Nusu ya wanaosoma wangeishia hapa hapa, na nusu nyingine wangeniita dada bila kunijua.

Baba yangu alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa mabati machache juu ya nguzo, kando ya barabara, na redio yake ilining'inia kwenye msumari juu ya meza ya kuchongea. Betri zikichoka tulizianika juani, karibu na kahawa, zikapata nguvu ya kumaliza taarifa moja ya michezo. Kazi yangu ilikuwa kukusanya maranda kwa ajili ya moto wa jikoni, kazi ambayo ningeweza kuimaliza kwa dakika chache, lakini niliifanya kutwa nzima ili nisikilize.

Msimu uliokuwa umekwisha ulimwumiza Baba. Tulikuwa na mabeki, tulikuwa na kipa, tulikuwa na kiungo aliyepiga pasi kama mtu anayekupa maji mkononi. Tulichokosa ni mfungaji. Yule tuliyekuwa naye, Baba alisema, ana miguu ya kupandia maharage. Jioni alipanga misumari kumi juu ya meza, kila msumari mchezaji, halafu akaitazama ile nafasi tupu ya mbele.

"Tukipata namba tisa," alisema, "namba tisa mmoja tu, mwaka huu hawatushiki."

Mimi nilikuwa na miaka tisa, kwa hiyo namba hiyo niliipenda kama yangu.

Maneno ya usajili niliyasikia yote, na yote niliyaelewa kwa namna yangu. Mtangazaji aliposema dirisha la usajili limefunguliwa, niliona dirisha lenyewe: la mbao, lenye milango miwili, kama yale aliyotengeneza Baba, lipo kwenye ukuta mrefu huko Dar es Salaam, na wachezaji wanakanyaga kigoda na kuingia mmoja mmoja. Nilimuuliza Baba kwa nini hawapiti mlangoni. Alicheka mpaka akaweka randa chini, lakini hakunieleza. Alisema tu, "Mlangoni kuna foleni." Nikaridhika. Siku redio ilipotangaza kwamba yule kiungo wetu ameuzwa, nililia, kwa sababu niliowaona wakiuzwa ni mbuzi, na mbuzi wetu akiuzwa hakurudi.

Kisha redio ikasema klabu yetu imempata mshambuliaji kutoka Burundi. Ni mrefu, anauguza goti lakini anaendelea vizuri, na viongozi wamemficha mahali pasipojulikana ili watani wetu wasimchukue kabla hajatia saini.

"Wamemficha!" Baba aliwaambia wenzake waliokaa kwenye magogo. "Safari hii viongozi wametumia akili."

"Wamemficha wapi, Baba?" nikauliza.

"Sasa ningejua, Koleta, angekuwa amefichwa?"

Nililichukua swali hilo nikalala nalo. Burundi haikuwa mbali kwangu. Ukipanda kilima cha nyuma ya shule yetu uliiona, milima yake imepangana mmoja nyuma ya mwingine, na bibi zetu waliongea Kihangaza na wanawake wa ng'ambo bila kutafsiriana neno. Mtu anayetoka Burundi kwenda Dar es Salaam lazima apite kwetu. Na kama ni kufichwa, afichwe wapi pazuri kuliko Mbuba, ambako hakuna mtani anayefika isipokuwa Gozbert fundi baiskeli?

Siku chache baadaye Mama alinituma kurudisha ungo kwa Mama Yustina. Huyu alikuwa jirani yetu, mjane, mwenye shamba kubwa la kahawa kuliko nguvu zake. Binti yake Yustina aliolewa huku Biharamulo, na tangu hapo Mama Yustina aliishi peke yake na kuku wake. Nilimkuta mlangoni, kajaza mlango wote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Uweke hapo hapo ungo. Usiingie, nimepiga deki."

Nikauweka. Nilikuwa nimefika kwenye geti la miti ndipo nikakumbuka kwamba sakafu ya Mama Yustina ni ya udongo. Nikageuka kutazama vizuri. Kichanjani palikuwa na sahani mbili zilizooshwa. Chini ya ukingo wa paa palikuwa na kandambili za tairi, kubwa, ndefu kama mkono wangu hadi kiwikoni. Na kahawa iliyoanikwa uani ilikuwa nyingi mno. Mwanamke mwenye mgongo unaomwuma hawezi kuchuma kiasi kile peke yake kwa wiki mbili.

Sikumwambia mtu. Kwa siku kadhaa nilikuwa mtoto mwenye shughuli nyingi sana karibu na ua wa Mama Yustina: natafuta kuku ambaye hajapotea, naokota kuni mahali pasipo na kuni. Nilisikia sauti ya mwanamume ikicheka ndani na kunyamaza ghafla. Niliona suruali imeanikwa ndani ya nyumba, karibu na dirisha, wakati jua lote liko nje.

Nilimpata alfajiri. Kiangazi chemchemi ya bondeni hupungua, na anayewahi ndiye anayechota maji safi, kwa hiyo niliamka kabla ya jogoo wa pili nikashuka na kidumu changu. Alikuwa anapanda mlima huku anakimbia, dumu moja kila mkono, pumzi zake zinatoka kama moshi kwenye baridi ile. Alikuwa mrefu. Na juu ya goti la kulia alikuwa amefunga kitambaa.

"Amahoro," nikamsalimia, kwa sababu nilijua anatoka wapi.

Akasimama ghafla, maji yakamwagika miguuni mwake. "Amahoro," akajibu polepole. "Wewe wa nani?"

"Wa fundi seremala."

Akatazama juu, akatazama chini, hakuna mtu mwingine. "Umeniona?"

"Nimekuona."

"Basi hujaniona," akasema, akaweka kidole midomoni.

Nilielewa kabisa. Nilielewa kuliko mtoto yeyote Tanzania nzima. "Sijakuona," nikasema. "Lakini goti linaendeleaje?"

Alinitazama kwa mshangao, halafu akacheka bila kutoa sauti. "Linapona," akasema, akaendelea kukimbia.

Sijui kama nimewahi tena kuwa na furaha ya namna ile, furaha ya kujua jambo ambalo redio haijui. Nilianza kumtunza. Mchezaji anatakiwa ale vizuri, kwa hiyo niliweka ndizi mbivu juu ya nguzo ya ua wa nyuma wa Mama Yustina, mbili kila siku, na kesho yake nilikuta hazipo. Mara moja niliweka yai la kuchemsha nililolitoa jikoni kwetu bila ruhusa. Usiku niliomba kwa ajili ya goti lake, baada ya kumwombea bibi.

Kilichonitesa ni Baba. Watani walikuwa wanasajili kila siku. Redio iliwataja hao, halafu ikawataja tena. Baba alikuwa anapiga randa kwa hasira, na jioni misumari yake ilibaki kumi. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie, na mara mbili nilikumbuka kidole kile midomoni. Niliwaza siku ambayo yule mtu atatangazwa, nami nitasema, "Baba, huyo nilimlisha mimi ndizi."

Gozbert ndiye aliyenivunja. Alitengeneza baiskeli ng'ambo ya barabara, akitazamana na karakana yetu, na ushabiki wake ulikuwa wa kelele. Siku hiyo Baba alikuwa amepeleka milango Kibimba, na mimi nimeachwa kulinda vifaa. Kulikuwa na wanaume kama saba hivi kwenye magogo. Gozbert akavuka barabara, mikono ina grisi, akaanza.

"Mwambieni fundi mwaka huu wacheze kumi. Kumi na mmoja ni wa kazi gani, kama hawana mfungaji?"

Watu wakacheka.

"Huyo Mrundi wao ni hadithi. Mmemwona? Nani amemwona? Timu haina hata uwezo wa kusajili kipa wa shule ya msingi!"

"Mimi nimemwona," nikasema.

Walinigeukia wote.

"Nimemwona kwa macho yangu. Yuko hapa hapa Mbuba. Amefichwa kwa Mama Yustina, na asubuhi anafanya mazoezi ya mlima, na goti lake linapona!"

Walicheka sana, lakini Gozbert aliacha kabla ya wenzake. "Mrefu?" akauliza.

"Mrefu."

"Na mimi kuna mtu mrefu nilimwona kule bondeni giza halijaisha," akasema taratibu, akijifuta grisi kwenye suruali. "Nikadhani ni mchunga ng'ombe."

Kicheko kikakatika. Nilisikia mwenyewe namna kilivyokatika, na badala ya kuogopa nikajisikia mkubwa.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili, baada ya misa, sikuwa na haja ya kumwonyesha mtu njia. Watu walikwenda moja kwa moja kwa Mama Yustina wakiwa na nguo zao za kanisani. Wavulana walibeba mpira wao wa mifuko ya plastiki na kamba. Mwalimu mmoja alikuwa na kalamu na karatasi, anataka saini. Kuku walikimbia, kahawa iliyoanikwa ikakanyagwa. Mtu akaanza kuimba, wengine wakaitikia.

Mama Yustina akatoka ameshika ufagio. "Mnataka nini kwangu?"

"Tunamtaka namba tisa!"

"Namba tisa ndiyo nini?"

Walidhani anaficha siri ya klabu, wakampigia makofi. Nami nilipiga makofi, nimesimama mbele kabisa, nikingoja mlango ufunguke. Badala yake watu wa nyuma walipisha, akapita mwenyekiti wa kitongoji na daftari lake kwapani. Alikuwa mtu mpole mwenye kupenda utaratibu.

"Mama Yustina," akasema, "nasikia una mgeni hapa. Mgeni wako amesajiliwa?"

"Amesajiliwa!" nikapiga kelele kabla hajajibu. "Bado kutia saini tu! Dirisha liko wazi!"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. "Nauliza kama ameandikwa kwenye daftari la wageni la kitongoji," akasema.

Ndipo mlango ukafunguka wenyewe, na yule mtu akatoka akiinamisha kichwa asigonge kizingiti. Alisimama mikono imekutana mbele, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mchana ule nilimwona vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kama vya mama yangu. Na alikuwa anatetemeka. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akitetemeka mchana, na nilijua, kabla sijajua kwa nini, kwamba nimekosea jambo kubwa.

"Jina lako nani?"

"Deo."

"Unatoka wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu, upande wa ile milima.

"Una karatasi yoyote? Kibali?"

Deo akamtazama Mama Yustina.

"Ni mtoto wa dada yangu," Mama Yustina akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea. "Dada yangu aliolewa ng'ambo. Kijana amekuja kunichumia kahawa, mimi mgongo umekataa. Akateleza na gunia, akaumia goti. Basi. Hana kosa lingine."

"Kwa nini hukumleta aandikwe, Mama?"

"Niliogopa mtamrudisha kahawa iko mitini."

Watu walianza kutazama chini. Yule mwalimu alirudisha kalamu mfukoni. Wengine waliondoka mmoja mmoja bila kuaga, wakiruka kahawa waliyokuwa wameikanyaga wakati wa kuja. Wavulana tu ndio walibaki wameshika mpira wao, hawajui waupeleke wapi.

Baba akaingia uani wakati huo, bado na kofia yake ya Jumapili. Alimtazama Deo kuanzia miguuni hadi kichwani, akarudi tena miguuni, kwenye goti lile. Nilimwona akimpima, na nadhani kwa muda mfupi sana naye aliamini. Halafu akanitazama mimi. Halafu akavua kofia.

"Mwenyekiti," akasema, "mwandike leo. Na chini ya jina lake uandike langu. Kesho nitakwenda naye mwenyewe Ngara mjini, ofisini, wamwelekeze la kufanya."

"Akitoroka usiku nitakuuliza wewe, fundi."

"Uniulize mimi."

Nyumbani nilingoja fimbo, haikuja. Baba alikaa kwenye kigoda akaniweka mbele yake. "Nani alikuambia yule ni mchezaji?"

"Niliona mwenyewe."

"Uliona nini?"

Nikamweleza yote: sahani mbili, kandambili, deki kwenye udongo, mlima wa alfajiri, kitambaa cha goti, na redio. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na mwisho alijikuna shingo.

"Kwa dalili hizo hata mimi ningemsajili," akasema. Mama, aliyekuwa anachambua maharage, alimtupia jicho, naye Baba akarudisha uso wa ukali. "Lakini sikiliza, Koleta. Yule mchezaji wa redio, amefichwa. Deo amejificha. Umeona tofauti?"

Sikuiona. Nilikaa nayo kwa siku mbili.

Walikwenda Ngara Jumatatu kwa miguu na kurudi jioni, wamejaa vumbi. Ofisini waliwasikiliza vizuri, Baba alisema, lakini sheria ni moja: arudi kwao, aombe ruhusa ya kufanya kazi, aingie kupitia mpakani kama wengine. Wamempa hadi Jumatano. Kahawa ya Mama Yustina ilikuwa bado nusu, na iliyoiva ilianza kudondoka.

Jumanne Baba aliniamuru nikaombe msamaha, peke yangu. Nilimkuta Deo amekaa nyuma ya nyumba, anajaribu kuibana kamba ya mfuko wake. Nilikuwa nimejifunza maneno ya kusema, yakapotea yote.

"Nilidhani wewe ni namba tisa," nikasema.

"Nimeambiwa." Aliongea Kirundi polepole ili nimfuate, nami nikamjibu Kihangaza. "Huyo mtu ni mzuri?"

"Redio inasema ni mzuri sana."

"Basi siyo mimi. Mimi mpira ukija kwangu nakimbia." Alitabasamu kidogo. "Ndizi zilikuwa zako?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Niliwaza sana nani anaziweka. Mama mdogo alisema ni mtego."

Mtego! Nililia hapo, kwa kelele, mpaka akaweka mfuko chini. Nilipoweza kuongea nilimuuliza jambo lililokuwa limebaki kichwani mwangu. "Kwa nini ulikuwa unakimbia mlimani?"

"Ili nifike ndani kabla hakujapambazuka," akasema. "Wiki tatu sijatembea. Nimekimbia tu."

Nadhani ndipo nilipoiona ile tofauti ya Baba.

Jumatano asubuhi alikuja Gozbert, ameing'arisha baiskeli yake, ameweka mto wa sponji kwenye keria. Hakumtazama mtu usoni. Alisema ana shughuli zake mpakani, na kwa kuwa anakwenda huko, na kwa kuwa yule kijana ana goti, basi apande. Hakuna aliyewahi kusikia Gozbert ana shughuli mpakani. Mama Yustina alimfungia Deo viazi vya kuchemsha kwenye jani la mgomba. Walishuka na barabara, miguu mirefu ya Deo ikiburuza vumbi kila upande, na sauti ya Gozbert tuliisikia hata walipopotea kwenye kona.

Kahawa iliyobaki tuliichuma sisi. Mama na mimi kila jioni, na Jumamosi Baba na baadhi ya wale wanaume wa magogo, ambao walichuma kimya kimya na kuharibu matawi. Kila siku nilimwambia Mama Yustina shikamoo, na kila siku hakuitikia. Wewe unajua uzito wa jambo hilo. Salamu ile inaning'inia hewani, inakurudia usoni. Iliendelea hivyo mpaka siku moja, tukiwa tunageuza kahawa juani, aliitikia kwa kusahau. Akashika mdomo kana kwamba anataka kuirudisha. Halafu akasema, "Geuza na ile ya pembeni, isije ikaoza," na kuanzia hapo tukawa tunaongea, ingawa mambo ya kahawa tu.

Yule mshambuliaji wa redio hakuja. Alionekana akisaini nchi nyingine kabisa, na dirisha likafungwa. Tulianza ligi na yule yule mwenye miguu ya maharage, na nitakuwa mwongo nikisema Baba hakuhuzunika. Alihuzunika sana. Lakini sikumsikia tena akisema viongozi wamemficha mtu, na mimi nikaacha kuuliza kila kitu nilichokitaka kujua. Niliendelea kutaka kujua, ila nilijifunza kubaki na swali langu kwanza.

Kiangazi kilichofuata tulikuwa karakana, saa saba mchana, redio ikitaja majina mapya. Nilikuwa wa kwanza kumwona. Alikuwa anakuja na barabara kuu, katikati kabisa, polepole kama mtu anayekwenda harusini akiwa ameshachelewa na hajali. Alisimama kila baada ya hatua chache kusalimia. Alimsalimia mama wa mihogo, aliwasalimia watoto, alimsalimia mtu aliyelala chini ya lori akitengeneza giaboksi, mpaka yule mtu akatoka chini kutazama ni nani.

Alifika akatoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki, akampa Baba kwa mikono miwili. Baba alijifuta vumbi la mbao, akaisoma yote kwa sauti, pamoja na maneno ya kwenye mhuri, na wanaume wa magogo wakasikiliza kama taarifa ya habari.

"Sasa nafuata na mpira," Deo akasema kwa Kiswahili, Kiswahili kipya alichokuja nacho. "Kila mechi, redioni."

Baba uso ukamng'aa. "Vizuri! Vizuri sana! Timu gani?"

Deo akageuka, akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwa Gozbert, ambaye alikuwa ameshasimama na pampu mkononi akicheka mpaka kainama. Njia nzima mpaka mpakani, kumbe, alikuwa amemhubiria.

"Mtu niliyeandika jina langu chini ya jina lake!" Baba akalalamika, akiwageukia wenzake mmoja mmoja. "Mnamwona? Jina langu!" Na yeye mwenyewe akashindwa kujizuia, akacheka, akalazimika kushika meza.

Deo akanigeukia mimi. Nilikuwa bado nimeshika maranda kifuani.

"Haya," akasema. "Ninyi mwaka huu mmemsajili nani?"

Nikaanza kumtajia, mmoja mmoja, na namba zao. Akavuta benchi, akaliweka mbele, upande wa barabarani, akakaa kunisikiliza.